Matoleo Mapya ya Santuri za Roki: Ninavyoyalinganisha Hapa Dar es Salaam

Anayetaka kununua Rumours ya Fleetwood Mac kwenye santuri leo hakosi cha kuchagua. Kuna nakala za miaka ya 1970 zilizopita mikononi mwa watu wengi, kuna matoleo ya kawaida ya bei nafuu, na kuna yale ya gharama yanayotengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji makini, yenye majalada mazito na maelezo marefu kuhusu kanda iliyotumika. Bei ya haya ya mwisho huanzia kwenye dola 40 hivi na hupanda hadi dola 150 kwa albamu moja, yaani karibu shilingi laki nne kabla hujahesabu usafiri na ushuru wa kuifikisha Dar es Salaam. Kwa fedha hizo mtu ana haki ya kujua anachokinunua. Nimekuwa nikilinganisha matoleo ya albamu hizi kwa miaka kadhaa nyumbani kwangu Upanga, na sasa maoni yangu yamekomaa kiasi cha kuandikwa: tofauti kubwa huletwa na mkono wa fundi aliyeikata santuri na nafasi aliyopewa ya kukatia. Uzito wa santuri, rangi yake, na hata neno "analojia" kwenye kibandiko cha jalada (maana yake sauti haikupitia dijitali popote), vyote hivyo huja nyuma sana.

Kwetu sisi wa Dar suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu nakala nzuri za zamani ni adimu. Santuri za roki zilizoingia nchini miaka ya 1970 zililetwa kwa uchache, nyingi zikiwa mizigoni mwa mabaharia, wageni na wanafunzi waliokuwa wanarejea kutoka masomoni nje, na zile zilizosalia zimekaa miongo kadhaa kwenye joto na unyevu wa pwani. Ukungu huota kwanza kwenye karatasi ya jalada, kisha hufuata alama za vidole na uchafu uliobaki juu ya santuri yenyewe, na sindano ikipita hapo husikika mchakacho wa mfululizo ambao hakuna kuosha kunakouondoa wote. Hivyo toleo jipya, kwa wengi wetu, ndilo albamu yenyewe, na likiandaliwa vibaya tutaishi na ubaya huo tukidhani ndivyo bendi ilivyopiga.

Kazi ya kutengeneza santuri huanzia kwenye kanda mama, ile ambayo bendi na mtayarishaji wake waliikubali baada ya kuchanganya sauti. Fundi wa kukata huicheza kanda hiyo, au faili la dijitali lililotokana nayo, na mashine yake huchonga mfuo mmoja mrefu wa mzunguko kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka. Kutokana na sahani hiyo hutengenezwa nakala za madini, moja kutoka kwa nyingine, mpaka ipatikane mihuri inayokandamiza plastiki ya moto kiwandani. (Sahani zenyewe za laka zilikuwa zikitoka kwenye viwanda viwili tu duniani, na kimoja kati yake, Apollo Masters cha Banning, California, kiliteketea kwa moto tarehe 6 Februari 2020, kikabaki kile cha Japani, waliokuwa wakinunua santuri wakati huo wanakumbuka jinsi matoleo yalivyochelewa.) Katika safari hiyo yote kuna mambo mengi yanayoweza kuharibika, lakini hatua ya kukata ndiyo inayodai maamuzi ya sikio. Besi nzito huhitaji mfuo mpana, sauti kubwa hula nafasi, na upande unaozidi dakika 20 humlazimisha fundi kuchagua kati ya kupunguza sauti yote na kuibana besi.

Halafu kuna tatizo la umbo lenyewe la santuri, ambalo halitajwi kwenye vibandiko. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika hupitisha chini ya sindano takriban sentimita 50 za mfuo kila sekunde mwanzoni mwa upande, lakini karibu na lebo ya katikati kiasi hicho hushuka hadi sentimita 21 hivi, kwa kuwa duara limekuwa dogo na mwendo wa mzunguko ni uleule. Muziki uleule sasa unabanwa kwenye chini ya nusu ya urefu. Herufi "s" za mwimbaji huanza kukwaruza, matoazi hupoteza mng'ao, na piano hutetemeka pale ilipopaswa kusimama imara. Msikilizaji akitaka kujua ubora wa toleo lolote, asicheze wimbo wa kwanza wa upande. Acheze wa mwisho.

Ndiyo maana A Night at the Opera ya Queen, iliyotoka mwaka 1975, ni mtihani mgumu kuliko albamu nyingi za zama zake. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946 aliyepewa jina la Farrokh Bulsara, pamoja na wenzake, waliiweka Bohemian Rhapsody karibu na mwisho wa upande wa pili, na baada yake kuna God Save the Queen ya dakika moja na ushei tu. Maana yake ni kwamba wimbo wenye tabaka nyingi za sauti kuliko nyingine zote kwenye albamu umekaa mahali ambapo mfuo una nafasi ndogo kabisa, tena kwenye upande unaozidi dakika 22 kwa sababu The Prophet's Song peke yake hupita dakika nane.

Ninazo nakala mbili: moja ya Uingereza ya kampuni ya EMI ya miaka ya 1970, na nyingine ya mwaka 2015, wakati albamu zote za studio za Queen zilipotolewa upya kwa pamoja. Hii ya 2015 ilikatwa na Miles Showell katika studio za Abbey Road kwa njia ya nusu spidi, kutoka kwenye mafaili ya dijitali yaliyoandaliwa na Bob Ludwig. Katika njia hiyo muziki huchezwa kwa nusu ya mwendo wake na mashine ya kukata nayo huzunguka kwa nusu ya mwendo, hivyo sauti za juu, ambazo ndizo zinazokitesa kichwa cha kuchonga, hupunguka ukali na huchongwa kwa utulivu. Matokeo yanasikika waziwazi kwenye sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody. Roger Taylor anapopanda juu kabisa kwenye "Galileo", nakala ya zamani hutoa sauti yenye ukwaruzo kama kwamba spika imezidiwa, ilhali ile ya 2015 huipandisha sauti hiyo mpaka kileleni ikiwa safi, na kundi la waimbaji nyuma yake hubaki watu kadhaa waliosimama mbalimbali badala ya kuwa rundo moja.

Hata hivyo ushindi si wa upande mmoja. Gitaa la Brian May linapoingia kwa kishindo baada ya opera, nakala ya EMI ina nguvu ya kusukuma ambayo toleo la 2015 halina. Ngoma zina mwili zaidi, na piano ya mwanzo wa wimbo ina joto linalokaa kifuani. Toleo jipya limepangwa vizuri mno, kila kitu kikiwa mahali pake, na roki inayopigwa kwa hasira inapoteza kitu kidogo ikipangwa hivyo. Love of My Life, kwa upande wake, ni nzuri zaidi kwenye toleo la 2015 bila mjadala: kinubi kinasikika kila uzi, na ukimya wa santuri mpya humpa Mercury chumba kizima cha kuimbia. Mwenye kupata nakala ya EMI isiyokwaruzika aichukue bila kusita. Asiyeipata, na hapa Dar wengi hatutaipata, toleo la 2015 linastahili bei yake. Ninachotamani ni kuona albamu hii ikikatwa kwenye santuri mbili kwa spidi ya mizunguko 45 kwa dakika, ili Bohemian Rhapsody ipate hatimaye nafasi inayoistahili.

Faida ya spidi hiyo inathibitishwa na Rumours. Albamu hii ya mwaka 1977 ina historia ngumu ya kanda: wakati wa kurekodi, kanda ya vipande vingi ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi mno kwa ajili ya kuongeza sauti mpya, mpaka tabaka lake la sumaku likaanza kuchakaa na sauti za juu za ngoma zikafifia, ikabidi wahandisi wazihamishie sauti zilizoongezwa baadaye kwenye kanda nyingine ya awali iliyokuwa bado nzima, wakizilinganisha mbili hizo kwa masikio. Ukijua hilo utaelewa kwa nini kila toleo la albamu hii hupimwa kwa matoazi na ngoma ya Mick Fleetwood.

Toleo la 2011 limegawanywa kwenye santuri mbili za spidi 45, likakatwa na Steve Hoffman na Chris Bellman kutoka kanda mama ya analojia, na kukandamizwa katika kiwanda cha Pallas nchini Ujerumani. Kwa spidi ya 45 mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 35, na kwa kuwa kila upande una dakika kumi hivi tu, fundi anaweza kuukata muziki mbali na lebo. Nimelinganisha toleo hili na nakala ya Marekani ya miaka ya 1970, na sehemu ninayoirudia kila mara ni Songbird. Wimbo huo haukurekodiwa studio. Christine McVie aliupiga kwa piano katika ukumbi wa Zellerbach, Berkeley, na nafasi ya ukumbi ule mtupu ni sehemu ya wimbo. Kwenye santuri ya zamani ndio unaofunga upande wa kwanza, hivyo piano, chombo kinachofichua kila kasoro, imewekwa penye mfuo mbaya kuliko kote. Kwenye nakala yangu ya zamani noti za mkono wa kulia zina ukungu na mwisho wa kila kifungu hukatika mapema. Kwenye toleo la 45, McVie akiinua mguu kwenye kanyagio unasikia mlio ukirudi kutoka kwenye kuta za ukumbi kisha ukififia polepole, na sauti yake haina ukali hata kidogo kwenye herufi "s".

Kwenye Dreams tofauti iko kwenye sauti za chini. Besi ya John McVie na ngoma ya mguu ya Fleetwood hutembea pamoja wimbo mzima, na kwenye matoleo mengi huungana kuwa mdundo mmoja mnene. Toleo la 2011 huzitenganisha: ngoma hugonga kwanza, fupi na kavu, kisha uzi wa besi huvuma baada yake na kukoma pale kidole kinapoushika. Usumbufu wa kuinuka kugeuza santuri kila baada ya dakika kumi ni wa kweli, na nawafahamu wenzangu waliouza toleo hili kwa sababu hiyo tu, lakini mimi sijaona toleo jingine la Rumours linaloweza kusimama karibu nalo.

The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, imetolewa upya mara nyingi kiasi kwamba kuyafuatilia matoleo yote ni kazi ya maisha. Nitasema juu ya mawili yanayopatikana kwa urahisi zaidi: la 2003, lililoandaliwa kwa ajili ya miaka 30 ya albamu na kushughulikiwa na James Guthrie, Doug Sax na Kevin Gray, na la 2016, ambalo Guthrie alilifanya pamoja na Joel Plante na Bernie Grundman. Kipimo changu ni saa za ukutani za wimbo wa Time, ambazo mhandisi Alan Parsons alizirekodi dukani kwa muuza saa, moja baada ya nyingine. Kwenye toleo la 2003 saa hizo zimetawanyika kwa upana mkubwa zaidi na kila moja ina ukubwa wake. Kwenye la 2016 mlipuko wa pamoja una nguvu, na besi inayofuata ni nzito zaidi. Lakini kwenye The Great Gig in the Sky, ambao nao unafunga upande na kumweka Clare Torry akipaza sauti kwa nguvu zake zote jirani na lebo, toleo la 2016 lilinishinda moyo: sauti yake haipasuki. La 2003 linauzwa kwa bei ya juu siku hizi kwa kuwa halichapishwi tena, na sioni sababu ya mtu wa hapa kulifukuzia wakati la 2016 lipo.

Kuhusu Led Zeppelin II ya mwaka 1969 kuna hadithi mashuhuri. Robert Ludwig, ndiye yuleyule Bob Ludwig wa mafaili ya Queen, aliikata nakala ya kwanza ya Marekani kwa sauti kubwa na besi kamili. Inasimuliwa kwamba sindano za mashine za bei rahisi ziliruka kwenye mifuo hiyo, kampuni ikaamuru albamu ikatwe upya kwa upole. Nakala zenye herufi RL kwenye ukingo laini karibu na lebo sasa zinauzwa kwa mamia ya dola. Toleo la 2014 lililosimamiwa na Jimmy Page limetoka kwenye chanzo cha dijitali, na ni kazi ya heshima: tulivu, safi, ngoma za John Bonham zikiwa mahali pake. Halina ule wazimu unaosimuliwa kuhusu RL, lakini sindano haitaruka na bei yake haimtoi mtu jasho.

Sasa nifike kwenye suala lililowagawa wapenzi wa santuri duniani kote. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilijijengea jina tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa matoleo yaliyokatwa kutoka kanda mama, na wanunuzi wake waliamini kwamba hakuna dijitali popote katika safari hiyo. Mwaka 2016 ilianza mfululizo wake wa gharama kubwa kwa Abraxas ya Santana, ukiwa na njia inayopunguza hatua za madini kati ya laka na muhuri. Njia hiyo hudai laka nyingi, kwa kuwa kila laka hutoa idadi ndogo ya nakala, na laka nyingi hudai kanda ichezwe mara nyingi. Kampuni ilipotangaza Thriller ya Michael Jackson kwa nakala 40,000, watu wenye hesabu walianza kujiuliza ni mwenye kanda gani atakayekubali hazina yake izungushwe mara zote hizo. Julai 2022 mwenye duka moja la santuri la Phoenix, Arizona, akasema hadharani kile alichokisikia, na muda si mrefu wahandisi wa kampuni wakathibitisha kwamba kwa miaka mingi, kuanzia 2011, matoleo mengi yalipitia hatua ya dijitali ya aina ya DSD (mojawapo ya njia za kuhifadhi sauti kidijitali) kabla ya kukatwa. Kesi ilifunguliwa na wanunuzi wakapewa njia ya kurejeshewa fedha.

Msimamo wangu katika hili una pande mbili na nazishika zote kwa nguvu. Kwanza, mnunuzi alinyimwa ukweli, na hilo halina utetezi. Mtu aliyelipa dola 125 kwa ajili ya kitu fulani apewe kitu hicho au aambiwe mapema kwamba hakipo. Pili, sauti ya santuri hizo haikubadilika siku habari ilipotoka. Waliokuwa wakiisifu Abraxas kuwa miongoni mwa santuri bora walizowahi kuzisikia waliisifu kwa masikio yao, na masikio hayo yalikuwa sahihi. Kongo na timbali za albamu ile zinasikika kwa ukaribu wa ajabu, ngozi ya ngoma ikijulikana kuwa ni ngozi. Kilichofichuka ni kwamba dijitali iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa, ikamfikia mkataji mwenye ujuzi, inaweza kuwapita wenye kanda halisi wanaofanya kazi kwa haraka. Mimi nimeacha kununua toleo kwa sababu ya neno moja kwenye kibandiko, na nimeanza kutafuta jina la aliyekata.

Brothers in Arms ya Dire Straits inalithibitisha hilo kwa njia nyingine. Ilirekodiwa kisiwani Montserrat na kutoka mwaka 1985, tena kwa mashine ya dijitali tangu mwanzo, hivyo hakuna toleo lake linaloweza kudai analojia tupu, na bado watu wa spika huitumia kupimia vyombo vyao mpaka leo. Santuri ya mwaka 1985 ilikuwa moja tu, na ili nyimbo zitoshe baadhi yake zilifupishwa kulinganisha na CD. Toleo la Mobile Fidelity limeweka urefu kamili kwenye santuri mbili za spidi 45. Ukiisikiliza Your Latest Trick hapo, saksofoni na tarumbeta vina pumzi ambayo nakala ya zamani haikuwa na mahali pa kuiweka.

Nyingine nitazipitia kwa haraka. Kwa The Beatles, albamu za mono (sauti ya njia moja) zilizotolewa mwaka 2014 ndizo zangu. Zilikatwa na Sean Magee na Steve Berkowitz Abbey Road kutoka kwenye kanda bila hatua ya dijitali, ilhali zile za steriyo za 2012 zilitoka kwenye mafaili ya dijitali na husikika zimekauka kidogo. Aja ya Steely Dan, iliyokatwa na Bernie Grundman kwa ajili ya Analogue Productions ya Kansas, ndiyo ile ya dola 150 niliyoitaja mwanzoni. Ni nzuri sana, lakini albamu yenyewe ilirekodiwa vizuri tangu mwanzo kiasi kwamba hata nakala ya kawaida ya zamani humtosheleza mtu. Anayetaka thamani kubwa kwa fedha kidogo aangalie mfululizo wa Rhino High Fidelity ulioanza mwaka 2023 kwa albamu ya kwanza ya The Cars: mkataji ni Kevin Gray, kiwanda ni Optimal cha Ujerumani, na bei ni chini ya dola 40.

Nikisikiliza albamu hizi siwezi kuacha kufikiria kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, za NUTA Jazz, Mlimani Park na wenzao. Muziki wa bendi zetu ulikuwa ukipelekwa Nairobi kukandamizwa kwenye santuri ndogo za nyimbo fupifupi, na nyimbo nyingi kubwa hazikuwahi kupata mkataji wa kiwango cha hao niliowataja. Kanda nzuri ya mwaka 1978, ikifika mikononi mwa mtu kama Gray, ingewashangaza wengi.

Kulinganisha kwenyewe kunahitaji nidhamu. Natumia mashine moja, Technics SL-1200MK2 niliyoinunua kwa DJ wa zamani, katriji (kishikio cha sindano) ileile, na santuri zote zikiwa zimeoshwa. Jambo la lazima kuliko yote ni kusawazisha ukubwa wa sauti, kwa kuwa sikio hupendelea kilicho juu zaidi hata kwa tofauti ndogo, na matoleo haya hayakukatwa kwa kiwango kimoja. Programu ya simu ya kupimia sauti inatosha kwa kazi hiyo. Mzee mmoja fundi wa redio pale Kariakoo, aliyenielekeza jinsi ya kupanga katriji, hurudia kila ninapomtembelea: "Mwanangu, sindano ikikaa vibaya usiilaumu santuri." Anasema kweli, na mtu anayelalamikia nyimbo za mwisho wa upande aanze kwa kuhakikisha pembe ya sindano yake kabla ya kuagiza toleo jingine. Vilevile anayeletewa mashine ya santuri inayozungushwa kwa mkanda kutoka Marekani aulize kuhusu mota yake: umeme wao ni wa mizunguko 60 kwa sekunde na wetu ni wa 50, na mota inayofuata mizunguko ya umeme itaicheza albamu yote polepole hata kama transfoma imeshusha volti sawasawa.

Neno kuhusu uzito wa gramu 180, kwa kuwa ndilo linaloulizwa zaidi. Uzito huo huifanya santuri isipinde kirahisi, na kwa joto letu hiyo ni faida ya haki, lakini mfuo hauna kina zaidi kwa sababu ya plastiki iliyo chini yake. Kizuri chajiuza, toleo lililokatwa vyema kwenye gramu 140 litalipita lililokatwa ovyo kwenye 180 kila siku.

Kwa anayeagiza kutoka nje, mwombe muuzaji aitoe santuri ndani ya jalada na kuiweka nyuma yake, kwa sababu safari ndefu huifanya santuri nzito ipasue mshono wa jalada kutoka ndani. Ikifika, usiiache ndani ya gari lililofungwa juani hata ukiwa na shughuli ya dakika chache tu mjini Posta. Nyumbani, badili bahasha ya karatasi kwa ile ya plastiki laini, isimamishe wima mbali na ukuta unaopata unyevu wakati wa masika, na uioshe kabla ya kuicheza mara ya kwanza, maana hata santuri mpya hutoka kiwandani na vumbi la karatasi.